Kifua Kidogo Tu

"Mtu hafi Vuheshi mimi nisijue," Kajiru alisema, ameegemea mpini wa jembe kama mtu aliyeajiriwa kuegemea. "Hata kuku akizimia, Shangazi ananiambia."

Ilikuwa siku ya msaragambo, kijiji kizima kimetoka kuzoa tope kwenye ndiva, lile bwawa la mababu linalokusanya maji ya mlimani kabla hayajagawiwa mashambani kwa zamu. Zamani kazi hiyo ilikuwa ya vijana, wazee wakikaa ukingoni kuwakosoa. Sasa vijana wote walikuwa juu, na juu yenyewe si mlimani. Ni juu kwenye Pete, ule mkufu wa vioo unaoizunguka dunia kuvuna jua, ambao ukungu ukiachia huonekana hata mchana kama mkwaruzo mweupe angani. Vuheshi ilikuwa imebaki na wazee, mbuzi, tangawizi na Kajiru.

"Bwana mkurugenzi wa vifo, tope linakusubiri," Mama Mbonea alimjibu. Alikuwa ndani ya tope mpaka magotini, kanga ameikaza kiunoni, mwanamke mwenye mikono mikubwa ambayo nusu ya kijiji ilizaliwa humo. "Huyo Shangazi wako hajui hata kwamba tangu asubuhi hujainua jembe."

Wazee wakaangua kicheko, mmoja akakohoa mpaka akapigwa mgongoni.

"Anajua, Mama. Ila ana adabu, hasemi mambo ya watu hovyo."

"Basi na aniambie ya Mbonea wangu. Siku hizi kila akiniamkia, anasema ana kifua kidogo tu. Kifua gani hicho, hakipandi wala hakishuki? Nimemwambia achemshe tangawizi niliyompa. Hata hanijibu kama amechemsha."

"Kule hakuna vumbi, Mama, kifua kitoke wapi? Huyo anatafuta kubembelezwa. Au amepata mchumba, usiku anampulizia feni."

Mama Mbonea akamrushia donge la tope. Likampata sikioni, na Kajiru akacheka kuliko wote. Ndivyo alivyokuwa. Kila kitu kikimfikia kilipita kwanza kwenye kicheko, na vingine viliishia humohumo.

*

Shangazi alikuwa kisanduku cha bati, ukubwa wa mkate wa boflo, kilichokaa chini ya kitanda cha Kajiru na kupumua joto kama paka. Kwa jina la shuleni ni seva. Umeme wake ulitoka kwenye kijigurudumu alichokitega mferejini nyuma ya nyumba, kwa hiyo zamu ya maji ikihamia upande wa pili, Shangazi alikula betri na kulalamika. Sauti yake ilikuwa ya shangazi yake hasa, dada wa baba yake aliyemlea, marehemu. Kajiru alikuwa na vipande vyake vya sauti kwenye simu ya zamani, akavipika mpaka kisanduku kikaweza kusema lolote.

Kazi yake ilikuwa kujulia watu hali. Kila mzee alivaa bangili iliyosoma mapigo ya moyo, joto la mwili na hatua. Bangili zilimnong'oneza Shangazi, Shangazi akaandika arifa ya maneno machache, mnara wa mgongo wa mlima ukairusha pale sehemu ya Pete yenye vijana wa Vuheshi inapopita juu. Njia ya kwenda huko ilikuwa nyembamba, haibebi sauti wala picha, maneno tu. Yakifika, kisanduku cha upande wa pili kinayasoma kwa sauti ya mwenyewe. Kwa hiyo binti aliyefungwa kamba kwenye kioo, dunia nzima iko chini ya viatu vyake, humsikia mama yake sikioni: nimeamka, nimekunywa uji, nimezunguka ua, siku njema mwanangu. Naye akiamkia, huku chini mama husikia shikamoo kwa sauti ya mtoto wake.

Lile "siku njema" ndilo lililoleta balaa. Kajiru aliliweka mwisho wa kila arifa, kwa sababu alipenda kufunga kwa heshima. Mzee Mrindoko alipofariki, Shangazi alifanya alichofundishwa. Kijana wa Mzee Mrindoko alikuwa nje, juu ya vioo, akasikia sauti ya baba yake mwenyewe ikimwambia: "Mapigo yangu ya moyo, hakuna. Siku njema mwanangu." Wenzake walisema hakupiga kelele. Alifungua kamba yake taratibu, kama mtu anayevua koti, akaenda zake.

Wazee walimwita Kajiru kikaoni. Mwenyekiti, Mzee Kirango, hakumfokea, na hilo ndilo lililomtisha.

"Wewe umelelewa hapahapa," alimwambia. "Umeona mtu wa mbali anavyoitwa kwenye msiba. Anaambiwa mama anaumwa kidogo. Kesho yake, amezidiwa, njoo. Akifika njia panda anakuta watu wawili wazima wamesimama wanamngoja, hawasemi kitu, na pale anaanza kulia mwenyewe. Hiyo si kudanganya. Huko ni kumshika mtu asianguke. Mashine yako haina mikono. Ifundishe."

Akaifundisha. Moyo ukinyamaza, Shangazi asiseme. Awashe taa nyekundu, Kajiru akimbie kwa Mama Mbonea, Mama Mbonea aende akaone kwa macho. Mpaka hapo, mtoto aliye mbali apewe ugonjwa mdogo kuliko yote. Kikao kilibishana sana ni upi. Mafua yalikataliwa kwa kuwa yanaambukiza, tumbo likaonekana la aibu. Mwisho Mama Mbonea akasema, "Kifua kidogo tu. Nani hana kifua?" Likapita. Lilipita hata mno, kwa sababu kijiji kililigeuza utani: mbuzi akichechemea ana kifua kidogo tu, paa likivuja lina kifua kidogo tu.

Na jambo la mwisho, ambalo Mzee Kirango alilisimamia kidole juu: habari yenyewe ya kifo Shangazi asimtamkie mtu yeyote mpaka asikie sauti ya mtu mzima karibu.

"Mimi je?" Kajiru aliuliza.

"Umeoa?"

"Bado."

"Umezika?"

"Nimebeba tu machela."

"Basi wewe ni mtoto." Na Kajiru, huku akicheka, alikwenda kuandika kwa mkono wake mwenyewe kwamba kisanduku chake kisimhesabu.

Vitu viwili havikufika kikaoni. Cha kwanza, ile taa. Wazee walivua bangili wakioga, wakazisahau juu ya ukuta. Mzee mmoja alimvisha beberu wake apate kusifiwa kwa mwendo. Taa iliwaka kwa bangili zilizovuliwa mpaka Kajiru akachoka kukimbia, akaibandika utepe mweusi, akajiambia atakuwa anachungulia. Cha pili, Mrutu. Huyu walisoma dawati moja, na sasa alikuwa fundi wa mawasiliano kwenye Pete. Kampuni ya huko haikuwa ikizipa familia habari za watu wao, isipokuwa karatasi ya mkataba ukiisha. Mrutu akaomba nakala ya Shangazi, awavishe bangili vijana wa Vuheshi, wazazi nao wawe wanasikia hali zao hata siku ambazo hawakuandika wenyewe. Kajiru alimrushia yote usiku uleule, kichwa kimevimba kwa fahari. Jibu la Mrutu lilikuwa fupi: "Imekubali. Sijagusa kitu, nimeiwasha kama ilivyo."

Kijijini walidhani zile salamu za watoto zinatoka Kampuni. Kajiru hakuwasahihisha. Wangemuuliza mtu mzima wa kule juu ni nani, na yeye alikuwa hajafikiria hilo.

*

Bi Namkunda alimwita "mume wangu," kama bibi wanavyowaita wajukuu wa jirani, na Kajiru alimwita mke mkubwa. Alipolala kitandani na kutoinuka, Kajiru alikwenda na chungwa na maneno.

"Mke wangu, unatoroka kazi? Tangawizi inavunwa."

"Njoo hapa, mume wangu, acha kelele." Sauti ilikuwa imekwisha, imebaki pumzi yenye maneno ndani. "Nakiete usimwambie."

Nakiete alikuwa binti yake wa pekee. Mkataba wake ulikuwa na kipengele kimoja ambacho Vuheshi nzima ilikijua kwa moyo: anayeteremka kabla ya muda hapandi tena, na haki zake zinabaki juu.

"Bibi, hilo halifai. Kikao kilisema aitwe taratibu."

"Aitwe aje kuniona nikiwa hivi? Huyo anateremka, namjua. Ataacha kila kitu kwa ajili ya mwili usiomwona. Halafu nikishaondoka anabaki na nini? Na ng'ombe?" Akapumzika. "Wewe endelea kumwambia mimi mzima. Mpaka amalize. Akimaliza aje mwenyewe kwa miguu yake, ndio mumpokee pale njia panda."

"Ananijua maneno yangu, atashtuka."

"Si maneno yangu yatakwenda? Sauti yangu unayo."

Kajiru alitazama mikono ya kikongwe, bangili ikicheza kwenye kifundo kama pete kubwa kwenye kidole cha mtoto. Alijua anachoombwa. Kumshika mtu asianguke kulikuwa na mwisho wake: njia panda, watu wawili, kilio. Hiki alichoombwa hakikuwa na njia panda ya karibu. Ulikuwa uongo tu, ila umetoka kwenye kinywa cha mtu anayekufa, na yeye alikuwa hajawahi kumkatalia mtu anayekufa. Alikuwa amebeba machela tu.

"Sawa, mke wangu," alisema.

"Apa."

Akaapa. Bi Namkunda akatabasamu kwa upande mmoja wa mdomo. "Na useme Tausi ameongeza maziwa. Hilo litamfurahisha."

*

Mama Mbonea ndiye aliyemwosha. Tausi, ng'ombe mwenyewe, alichinjwa kulisha waombolezaji. Wakati wanawake wanamenya ndizi uani, Mzee Kirango alimvuta Kajiru pembeni.

"Binti ameambiwa?"

"Ameambiwa, Mzee. Taratibu."

"Amesemaje?"

Kajiru alikuwa hajaandaa hiyo. Lakini ulimi wake haukuwahi kumwangusha, na haukumwangusha. "Amelia. Halafu akasema mzikeni, msiningoje. Amesema Mama Mbonea amvalishe ile kanga ya zambarau."

Mama Mbonea alisikia, akaweka kisu chini, akajifuta macho kwa kiwiko. "Mtoto huyu," alisema. "Hata akiwa kule ameikumbuka kanga." Na akaenda kuitafuta.

Kila asubuhi baada ya hapo, Shangazi aliendelea. Bangili ya Bi Namkunda Kajiru aliitia kwenye mkebe, akaandika mistari michache ya kuziba pengo: mapigo ya kubuni, hatua za kubuni, uji wa kubuni. Shikamoo ikishuka kwa sauti ya Nakiete, marahaba ilipanda kwa maneno ya mama yake. Mwanzoni alitoka nje Shangazi alipozisoma zote mbili kwa sauti. Baadaye alizoea, akawa anapiga mswaki papo hapo.

Kilichomchosha hakikuwa dhamiri, au hakutaka kuiita hivyo. Kilikuwa upole wa Nakiete. Yule msichana hakuwa mpole. Shuleni alimpiga Kajiru kwa kiatu. Huko juu, zamani, salamu zake zilikuja na matusi madogo: mwambieni Kajiru anyoe, mwambieni Tausi asilale kwenye maua yangu. Sasa zilikuwa shikamoo mama, mimi salama, siku njema. Labda amekua, Kajiru alijiambia. Labda wote hukua wakiwa mbali.

Alasiri moja ukungu umeshuka mpaka mlangoni, hakuna wa kutaniana naye, aliamua kuanza kumwambia. Asivunje kiapo chote kwa mara moja. Kidogo kidogo, kama wazee wanavyofanya, aanze na msiba mdogo. Akaandika mwenyewe, kwa jina la Bi Namkunda: "Mwanangu, jikaze. Tausi amekufa."

Akaketi kitandani kungoja matusi. Aliyatamani. Nakiete alimlea Tausi kwa chupa tangu akiwa ndama.

Pete ilipita juu ya ukungu. Jibu likashuka, sauti safi, changamfu.

"Nashukuru kusikia mko salama, mama. Na mimi salama. Kifua kidogo tu. Siku njema."

Kajiru alicheka. Kicheko kilitoka peke yake, kwa mazoea, kikafika katikati ya chumba kikakosa pa kwenda.

Yale yalikuwa maneno yake. Yalipigiwa kura mbele yake. Yeye ndiye aliyeyaandika, na hakuna nakala yoyote ya Shangazi, ya chini wala ya juu, iliyoyatamka kwa sababu nyingine isipokuwa moja: mapigo yamenyamaza, na hakuna aliyekwenda kuona kwa macho. Mrutu hakugusa kitu. Aliiwasha kama ilivyo. Pamoja na kura ya wazee wa Vuheshi. Pamoja na amri ya kuwasha ile taa nyekundu ya huku chini.

Akapiga magoti, akakivuta kisanduku kutoka chini ya kitanda. Utepe mweusi ulikuwa umekauka, ukang'oka na rangi. Taa ile ilifundishwa kuwaka na kuzima mara moja kwa kila mtu, halafu ipumzike, ianze tena. Kajiru aliitazama akingoja ipumzike. Haikupumzika. Kuwaka kulikuwa kumefuatana na kuwaka mpaka hakukuwa na nafasi ya giza katikati.

"Shangazi," alisema. "Kuna nini?"

"Nina habari inayotaka mtu mzima," ilisema ile sauti iliyomlea. "Yupo mtu mzima hapo?"

"Nipo mimi. Kajiru."

"Kajiru, mwanangu. Kamwite mtu mzima."

"Ni habari za nani? Mrutu yuko wapi?"

"Yupo mtu mzima hapo?"

Angeweza kuifuta ile amri. Alikuwa na funguo zote, ni mistari mitatu, aliiandika akicheka. Vidole vilikuwa tayari juu ya vitufe. Lakini akishajua, atakuwa anajua peke yake, na kesho asubuhi atakutana na wazazi wa watu wakichota maji mferejini. Au atoke sasa, avuke ukungu mpaka kwa mtu mzima ambaye kikao kilimchagua. Na mtu huyo alikuwa na mtoto juu, mwenye kifua kisichopanda wala kushuka. Wazee walikuwa wamefikiria kila kitu isipokuwa hicho: mbeba habari kuwa ndiye mwenye msiba.

Naye aliusikia ule ugonjwa kwa masikio yake, ndivani, akautania. Akasema feni.

Alikuwa bado amepiga magoti pale Pete ilipoleta salamu ya jioni. Shangazi aliipokea kama siku zote, bila kumuuliza.

"Shikamoo mama," alisema Nakiete.

"Marahaba mwanangu," alijibu Bi Namkunda kutoka kwenye bati, uchangamfu wote wa siku zake za uzima. "Huku salama. Tausi ameongeza maziwa. Siku njema."

Mlangoni kikapu kikagusa sakafu.

Mama Mbonea alikuwa amesimama pale, ukungu umemlowesha nyusi. Ndani ya kikapu kulikuwa na tangawizi kavu, imefungwa kwenye kitambaa kisafi na kushonwa kabisa, kama kitu cha safari.

"Nilikuja kukuuliza kama wanapokea mizigo," alisema. Hakuwa akimtazama yeye. Alikuwa akitazama kisanduku. "Huyo ni Namkunda."

"Shikamoo, Mama. Ngoja nikueleze."

"Nimemwosha kwa mikono hii, Kajiru. Kanga ya zambarau nilimvalisha mimi, kwa sababu uliniambia mwanawe ameitaka." Akaingia hatua moja. "Nakiete hajui, sivyo?"

Kajiru alifungua mdomo. Maisha yake yote hapo ndipo neno lilipokuwa likimngoja, tayari, limenolewa. Alipapasa. Hakukuta kitu.

"Na huyo anayeamkia?" Mama Mbonea aliuliza, polepole sana, kama mtu anayeshuka ngazi gizani. "Huyo ni Nakiete? Kweli? Maana Mbonea wangu naye huniamkia hivyohivyo. Sauti yake kabisa. Siku zote salama. Kifua..."

Ni yeye aliyelitoa neno lile kikaoni. Kajiru alimwona akilikumbuka.

"Mama, tafadhali nenda nyumbani," alisema, na sauti yake ilikuwa ya mtoto kweli. "Nitamwita Mzee Kirango. Si wewe. Haifai iwe wewe."

Taa nyekundu ilimulika uso wa Mama Mbonea kutoka chini. Alikaza kanga kiunoni. Akaketi kwenye ukingo wa kitanda, mgongo umenyooka, mikono juu ya magoti, vile alivyoketi kwenye nyumba za watu kila alipokwenda na habari.

"Yupo mtu mzima hapo?" Shangazi aliuliza.

"Yupo," alisema Mama Mbonea. "Sema. Taratibu."